Konokono mmoja, sheria mbili
Miaka miwili nikisoma sheria London, nimekula kesi mpaka basi. Ile ya Donoghue na Stevenson ya 1932, ya mama aliyemshtaki mtengenezaji kwa konokono ndani ya chupa ya soda ya tangawizi, majaji wameiandikia kurasa na kurasa. Mwaka huu nimehamia Paris. Huku nafungua Code civil, kitabu cha sheria za kiraia za Ufaransa, kifungu cha 1240: ukimdhuru mtu kwa kosa lako, utamlipa. Sentensi moja, kwisha!

Kinachonitoa jasho ni insha. Lazima iwe na sehemu mbili, kila moja na vijisehemu viwili. Mimi nikapeleka tatu, tena kwa madaha. Ya tatu ilirudi imepigwa mstari mwekundu.

Mama kapiga simu: "Sasa mwanangu, utakuwa wakili wa wapi?" Nikacheka tu.