Siku Mbili za Kutafuta Mwalimu wa Mapigano Nairobi

Safari hii ilianza kwa malalamiko. Dada yangu alikuwa amemlipia binti yake wa miaka 14 karo ya miezi sita katika chuo kimoja cha mapigano ambacho sitakitaja, na binti akarudi nyumbani na mkanda wa kijani na cheti chenye muhuri mwekundu, ilhali hajui hata kuanguka bila kuumiza kiwiko. Kila mkanda ulikuwa na ada yake, kila mtihani ulikuwa na ada yake, na kila aliyelipa alifaulu. Dada akanipigia simu akasema, "Kaka, wewe ulicheza ndondi ukiwa shuleni. Mtafutie mtoto mahali pa maana." Kwa kweli nilicheza kwa mihula miwili tu na nikashindwa mapambano yote matatu, lakini katika ukoo wetu hilo linatosha kumfanya mtu mtaalamu.

Jumamosi saa mbili asubuhi tukapanda matatu nambari 58 kutoka Buruburu, mpwa wangu akiwa na chupa ya maji na mimi nikiwa na daftari. Nilimwonya kwamba hatutauliza popote ni mtindo gani ulio bora, kwa kuwa kila mwalimu atajibu kwamba ni wake. Tutauliza jambo moja tu: hapa kwenu ni nini kisichoruhusiwa? "Mjomba, si ni afadhali tuulize kinachofundishwa?" akaniuliza. Nikamwambia kwamba kinachofundishwa hubandikwa ukutani na kila mtu hukiona, ila kinachokatazwa ndicho kinachoamua mtu atasimama vipi, ataweka mikono wapi na ataogopa nini.

Tulishuka kando ya Barabara ya Jogoo, tukaingia katika ukumbi wa jamii ambao sakafu yake ya saruji ilikuwa imetandikwa mikeka ya sponji. Wanafunzi wapatao 30 walikuwa wakirusha mateke kwa hesabu ya Kikorea, hana, dul, set, kwa lafudhi ya Eastlands isiyofichika. Taekwondo ni changa kuliko watu wengi wanavyodhani. Jina lenyewe lilichaguliwa mwaka 1955, miaka kumi baada ya Korea kutoka chini ya utawala wa Japani, na baadhi ya walimu walioanzisha vyuo vyake vya kwanza walikuwa wamejifunza karate huko Japani. Medali zake za Olimpiki zilianza kushindaniwa Sydney mwaka 2000, na Kenya imewahi kuwakilishwa humo mara kadhaa, wa karibuni akiwa Faith Ogallo katika Michezo ya Tokyo. Jina hilo kocha alilitamka kama mtu anayemtaja dada yake.

Swali letu alilijibu bila kusita: hairuhusiwi kupiga uso kwa ngumi, kumshika mpinzani, wala kupiga teke chini ya kiuno. Teke la kichwani lina alama 3, ngumi ya kifuani ina alama 1. Nikatazama tena uwanjani na kila kitu kikajieleza. Mikono ilining'inia, kwa sababu hakuna ngumi inayotarajiwa usoni. Viwiliwili viliegemea nyuma. Na mguu wa mbele ulielea hewani ukienda mbele na nyuma kama kizuizi cha geti kinachopandishwa na mlinzi mwenye usingizi. Nilikuwa karibu kucheka, hadi mguu wa msichana wa umri wa sekondari ulipopita kando ya sikio langu, nikausikia upepo wake kabla sijauona.

Kutoka hapo tulitembea hadi Kaloleni, mtaa ambao ndondi ni urithi kama nyumba zake za mawe. Sitajifanya sina upendeleo hapa. Harufu ya ngozi ya glavu iliyoloa jasho ilinirudisha miaka 25 nyuma. Kocha, mzee mwenye kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali, alimketisha mpwa wangu kwenye benchi akamfunga bandeji. Alianza na kitanzi cha kidole gumba, akazungusha kifundo mara tatu, akapanda kwenye ngumi, akapitisha kitambaa katikati ya vidole kimoja baada ya kingine, kisha akarudi kifundoni na kufunga. "Binti yangu," akamwambia, "mkono una mifupa 27, yote midogo. Kichwa ni jiwe. Ukivipiganisha hivi hivi bila kitambaa, kichwa kitashinda."

Maneno hayo yana historia nzima ya ndondi ndani yake. Chini ya kanuni za London za mwaka 1838 mabondia walipigana mikono mitupu, na kumkamata mpinzani na kumbwaga chini kulikuwa halali. Kanuni zinazojulikana kwa jina la Markwisi wa Queensberry, lodi wa Uingereza, zilizochapishwa mwaka 1867, zilipiga marufuku mieleka, zikaleta glavu, raundi za dakika 3 na hesabu ya sekunde 10 kwa aliyeanguka. Watu hudhani glavu iliwekwa ili kulinda kichwa. Mimi naona imelinda mkono zaidi, kwa sababu mkono uliofungwa vizuri unaweza kupiga kichwa mara nyingi bila kuvunjika, na ndiyo maana mchezo ulioacha mieleka na kuvaa glavu ukawa mchezo wa kupiga vichwa. Ukutani palikuwa na picha ya Robert Wangila, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988, bondia wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo. Sikumficha mpwa wangu yaliyofuata: mwaka 1994 Wangila alifariki Las Vegas kutokana na majeraha ya pambano. Mzee alinisikia, akavua kofia yake, akairudisha, wala hakuongeza neno.

Alasiri tulifika Ngara, kwenye ghorofa ya pili juu ya maduka ya vipuri, kutazama karate. Asili yake ni kisiwa cha Okinawa, kilichokuwa sehemu ya ufalme wa Ryukyu uliofanya biashara na China kwa karne nyingi, na ndiyo maana jina lake la zamani liliandikwa kwa herufi yenye maana ya "mkono wa China". Gichin Funakoshi, mwalimu kutoka Okinawa, aliuonyesha mtindo huo Tokyo mwaka 1922, na katika miaka iliyofuata herufi ikabadilishwa, matamshi yakabaki yale yale, maana ikawa "mkono mtupu". Sare nyeupe na mikanda aliviazima kwa judo. Nilipomwambia mpwa wangu hivyo, alitazama mkanda wa kijani aliokuwa ameukunja ndani ya begi akauliza kama basi na ule ni wa kuazima. Rangi hizo nyingi, nikamweleza, zilienea zaidi Ulaya katika miaka ya 1930 ili wanafunzi wasichoke njiani kuelekea mkanda mweusi. Hakuna ubaya katika hilo, ubaya ni bei.

Swali letu lilizua ubishi pale Ngara, kwa sababu walimu walikuwa wawili na kila mmoja alilelewa na chuo tofauti. Wa kwanza alisema kwamba kwao pigo lazima lizuiliwe linapofika, na anayempiga mwenzake kwa nguvu usoni huadhibiwa. Wa pili, wa mtindo wa Kyokushin ulioasisiwa na Masutatsu Oyama, mzaliwa wa Korea aliyeishi Japani, alisema kwao hupigana kwa nguvu zote, kifua kwa kifua, bila glavu, ila ngumi haiendi usoni. Tulitazama pande zote mbili. Wale wa kwanza walikaa mbali, wakiruka ndani na nje kwa kasi ya kutisha. Wale wa pili walisimama pua kwa pua wakipondana mbavu na mapaja kama watu wanaotwanga mahindi, nyuso zikiwa wazi kabisa. Wote wawili wanaitwa wacheza karate.

Jumapili asubuhi tulipita Arboretamu, ambapo kikundi cha wazee kilikuwa kikicheza taijiquan, mapigano ya Kichina ya mwendo wa polepole, chini ya miti, ule mpangilio wa hatua 24 uliotungwa China mwaka 1956 ili watu wengi waweze kujifunza. Mpwa wangu alipiga miayo. Nami sikumlaumu, ingawa bibi mmoja mwenye leso kichwani alihamisha uzito wake kutoka mguu hadi mguu kwa utulivu ambao sijaupata hadi leo.

Kisha tukafika kwenye ukumbi wa judo, nyuma ya kanisa moja karibu na Barabara ya Ngong, na hapo ndipo tulipokaa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kocha alikuwa mama wa makamo mwenye masikio yaliyovimba na kukunjamana kwa miaka ya kusuguliwa. Kabla sijauliza, alinitaka nivue viatu. Kabla sijakataa, nilikuwa nimevaa koti la pamba zito la mtu mwingine. Kwa nusu saa hatukufundishwa kumwangusha mtu yeyote. Tulifundishwa kuanguka: kidevu kifuani, mgongo umepindwa, na mkono mzima unaupiga mkeka sekunde ile ile mgongo unapofika, ili kishindo kigawanywe badala ya kukusanyika mahali pamoja. Kisha mama huyo, ambaye kichwa chake kilifika begani kwangu, akanishika ukosi na mkono wa koti, akageuka, na nikaiona dari. Sikumbuki kuondoka ardhini. Nakumbuka mlio wa kiganja changu kwenye mkeka, na mshangao kwamba hakuna palipouma.

"Sasa uliza swali lako," akasema, akinisaidia kuinuka.

Alijibu kwa hadithi ya Jigoro Kano, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji, akiwa kijana wa miaka ya ishirini na kidogo. Kano alijifunza mitindo ya zamani ya jujutsu ya Kijapani, iliyojaa mbinu za kuvunja viungo na kupiga mahali pa hatari, mbinu ambazo mwanafunzi hawezi kuzifanya kwa mwenzake kwa nguvu kamili bila kumpoteza. Akaziondoa kwenye pambano la mazoezi. Kilichobaki ni kuangusha, kukandamiza, kukaba na kubana kiwiko, na kwa kuwa hivyo vinaweza kufanywa kwa nguvu zote dhidi ya mtu anayepinga kwa nguvu zote, kila siku, miaka nenda miaka rudi, wanafunzi wake wakawa na kitu ambacho wenye mbinu za siri hawakuwa nacho, yaani mazoea. Niliandika maneno hayo kwa mkono uliokuwa bado ukitetemeka. Kwa siku mbili nilikuwa nimelihesabu kila katazo kuwa upungufu. Sikuwa nimefikiri kwamba kukataza jambo kunaweza kumpa mtu nafasi ya kufanya mengine kwa ukweli.

Hata hivyo mama huyo hakuupamba mchezo wake. Tangu mwaka 2010, alisema, mashindano yalianza kuzuia kushika miguu ya mpinzani kwa mikono, na vijana wa leo hawajui kujikinga na mtu anayeipapatia miguu yao. Pembeni mwa ukumbi kulikuwa na vijana wanne wa jiu-jitsu ya Brazil wakingoja zamu yao, nao wakaguna kwa kukubali. Mtindo wao ni mtoto wa judo: Mitsuyo Maeda, mwanajudo aliyefika Brazil mwaka 1914, aliwafundisha watu kadhaa, akiwemo Carlos Gracie, na familia hiyo ikaendeleza zaidi mapigano ya chini. Mwaka 1993 Royce Gracie alishinda shindano la kwanza la UFC, lililokutanisha wapiganaji wa mitindo tofauti, akiwashinda bondia, mpiga mateke na wengine kwa kuwapeleka chini hadi wakakubali kushindwa, na tangu hapo hakuna chuo kinachoweza kudai kwa moyo mkunjufu kwamba mapigano huishia wima.

Tulimalizia Westlands, tukivutwa na sauti ya berimbau, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu. Mchezaji aliugonga uzi kwa kijiti huku akiubana kwa jiwe dogo, na duara la watu wakaitikia kwa Kireno chenye lafudhi ya Nairobi. Hii ilikuwa capoeira, mapigano yanayochezwa kama ngoma, iliyozaliwa Brazil miongoni mwa Waafrika waliofanywa watumwa, wengi wao wakiwa wametoka pande za Angola. Sheria ya adhabu ya mwaka 1890 iliifanya kosa la jinai, na ilikubalika polepole baada ya Mestre Bimba kufungua chuo chake Salvador katika miaka ya 1930. Hapa swali letu lilikosa jibu, kwa sababu hakuna alama wala mshindi. Mtu hurusha teke linaloweza kuvunja taya, mwenzake huinama, wote hutabasamu. Mimi niliyekulia Mombasa nilikumbuka kirumbizi, wanaume wawili wakizungukana kwa fimbo katikati ya ngoma na zumari siku ya harusi, na mtazamaji asijue kama ni mchezo au ni vita hadi fimbo zinapogongana. Nilitamani siku moja niwaone pia Wahausa wa Afrika Magharibi katika dambe, mapigano yao ya ngumi, ambao hufunga kamba mkono mmoja na kuuita mkuki, mwingine wakauita ngao.

Katika matatu ya kurudi nilimuuliza mpwa wangu ameamua nini. Hakujibu. Alikuwa ameegemeza kidevu kifuani, mkono wake wa kulia ukipiga paja taratibu. Saa tatu usiku, tulipokuwa tukinywa chai na dada yangu, tulisikia kishindo kutoka chumbani, kisha mlio wa kiganja sakafuni, kisha kishindo kingine, na baada ya cha nne jirani wa ghorofa ya chini akaanza kugonga dari yake kwa mpini wa ufagio.