Tulivyouchora upya umeme wa sola kijijini kwetu Nakivale

Mchoro wa kwanza wa umeme wa sola ulioletwa kijijini kwetu Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, uliweka paneli, betri na chumba cha mitambo nyuma ya duka la mfanyabiashara ambaye tayari alikuwa akituchajia simu kwa bei aliyojipangia. Nikiwa katibu wa kamati, niliona kwamba swali la nani atamnyenyekea nani lilikuwa limekwisha kujibiwa kwenye karatasi ile, kabla hata taa moja haijawaka.

Niliwaomba mafundi wauchore upya mbele ya mkutano, ardhini, kwa majivu, ili asiyejua kusoma naye aweze kuhamisha nguzo kwa mkono wake. Tulizungumza Kiswahili, kinachotukutanisha Wakongo, Warundi na wenyeji Wanyankole. Akina mama ndio waliobadilisha mambo. Mmoja alisema, "Katibu, mwanangu, taa ni nzuri, lakini mahindi ninayabeba kichwani hadi mashineni kila wiki." Kwa neno lake, mashine ya kusaga iliingizwa katika mpango, nayo ikapangiwa saa za jua kali, inapoweza kutumia umeme moja kwa moja kutoka kwenye paneli. Betri, ambazo ni ghali na huchakaa mapema, zikaachiwa taa za usiku.

Chumba cha mitambo kilihamishiwa karibu na bomba la maji, mahali pasipohitaji ruhusa ya mtu. Mita ni za kulipia kabla, kama Yaka, mita za kulipia kabla za gridi ya taifa, ila tulidai zipokee hata kiasi kidogo kwa simu, kwa sababu muuza nyanya hapati fedha za mwezi mzima kwa mkupuo. Kila nyumba ina kikomo kilekile cha nguvu, na mwenye friji ya biashara hulipia laini yake. Hili lilibishaniwa kuliko yote, nami naamini tuliamua vyema, kwani katika mtambo mdogo anayevuta umeme kupita kiasi huwazimia wenzake wote.

Wasichana wawili walifunzwa kukagua nyaya na kusafisha paneli, kwa hiyo si kila hitilafu inayomsubiri fundi kutoka Mbarara. Bei bado haimo mikononi mwetu: nchini Uganda viwango huidhinishwa na mamlaka ya udhibiti wa umeme iliyoundwa chini ya sheria ya 1999. Hata hivyo, mkataba wetu unaitaka kampuni inayotuuzia umeme ibandike hesabu za mauzo kila mwezi ukutani, na kamati huzisoma kwa sauti mkutanoni kabla ya kujadili ombi lolote la kupandisha bei.