Gundi iliyogoma kukauka mwezi wa saba

Huu ni mwaka wa saba ndege yangu iko nyuma ya nyumba, Ngaramtoni, Arusha, na bado haina injini. Watoto wa jirani wamechoka kuniuliza, "Babu, inaruka lini?" Siku hizi wanaiita banda la kuku. Hawajakosea sana.

Mabawa ni ya mbao, mbavu 28. Kila ubavu unaunganishwa kwa epoksi, gundi ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuikaushia, unabanwa, unaachwa mpaka kesho. Kumi za kwanza zilikwenda bila shida. Mwezi wa saba ukaingia na baridi yake ya Meru. Siku ya tatu ukibonyeza gundi kwa ukucha, inabonyea kama nta.

Fundi bodi za magari mmoja wa mtaa wa Unga Limited akanicheka: "Mzee, si uongeze hadina tu!" Nami, mtu mzima na akili zangu, nikaongeza maradufu. Mbavu nne. Wiki ikapita, bado zinanata. Nikavunja kipande cha majaribio. Kiungo kizuri huvunjika mbao, gundi ikabaki imeshika. Changu kilibanduka kama stempu. Fundi anajua kazi yake, ila bodi fila, ile ya kuzibia mabonde ya gari, ni poliesta, hadina kule inachochea tu. Kwenye epoksi hadina ni sehemu ya gundi yenyewe. Inayozidi haina cha kuungana nacho, inabaki teketeke humo humo. Zile nne nimezitundika ukutani, kila mshauri anaonyeshwa.

Dawa ilikuwa kwa mke wangu, mfugaji. Nikaomba sanduku lake la kulelea vifaranga: balbu mbili, blanketi juu. Balbu ziwe za zamani zile za kuunguza mkono, za LED hazina joto la kutosha. Nilizipata soko la Kilombero, elfu mbili tatu hivi. Kipimajoto kikasoma 30, na asubuhi ukucha haukuingia! Hadina nayo nikaanza kuipima kwa mizani ya shemeji yangu dalali wa tanzanite, maana macho yangu nilishayaona yalivyo.

Nikadhani nimemaliza. Mama akaleta vifaranga 100, na sanduku ni lake. "Ndege yako haili," akaniambia, "hawa wanakula." Nikasubiri wiki tatu, nikipiga msasa vitu ambavyo havikuhitaji msasa.

Ubavu wa 28 ulitoka sandukuni mwezi wa kumi, na unyoya mmoja wa kifaranga umegandia pembeni mwa gundi. Nimeuacha.