Damu isiyoganda sio uchawi jamani

Juzi nimeshinda Mbagala na dada angu, tunapita kwenye vikoba vya kina mama tunaongea nao kuhusu hemofilia, yani ule ugonjwa ambao damu haigandi vizuri. Mwanae ndo anao. Alipotahiriwa alivuja damu siku mbili, kanga ikalowa mpaka ikawa nzito mkononi, zahanati tuliyokimbilia wakafunga bandeji tu wakasema turudi nyumbani, na huku mtaani watu washaanza kusema dada kaenda kwa mganga. Iliniuma sana ile.

Mwili unakosa protini ya kugandisha damu, faktori namba 8 au namba 9 basi. Wanaougua wengi ni wavulana, na mara nyingi wamerithi kwa mama, ila wapo wanaozaliwa nao wakati kwenye ukoo hakuna hata mmoja, sasa mama unamlaumu kwa lipi? Damu inavujia mpaka ndani ya viungo, goti la yule mtoto likivimba linakuwa la moto ukiligusa, mguu haukunjiki, tunaweka barafu huku tunakimbia hospitali akachomwe faktori. Asipirini hapewi kabisa.

Kuna mama alikaa kimya muda wote, mwisho akamvuta dada pembeni akamwambia wanae wawili wa kiume walifariki baada ya tohara. Wa tatu yuko darasa la pili, bado hajatahiriwa. Jumatatu tunampeleka Muhimbili kupima.