Mbaazi za Moto Ndani ya Plastiki

Hapa Mombasa, licha ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kupigwa marufuku mwaka 2017, bado utaona mbaazi za nazi zikimiminwa zingali zinafuka mvuke katika mfuko mwembamba, ukafungwa fundo na kutiwa kikapuni. Mbaazi zenyewe hazina neno. Zimepikwa jikoni kwa viungo tuvijuavyo, tofauti na soseji, krispi na tambi za papo kwa papo, ambazo mfumo wa NOVA wa kupanga vyakula kulingana na kiwango cha usindikaji wake, ulioasisiwa na Carlos Monteiro na wenzake nchini Brazili, unaziita vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Lakini joto, mafuta na muda ndivyo vinavyochochea kemikali kuhama kutoka plastiki kuingia chakulani, na tui la nazi, kama mjuavyo, lina mafuta mengi.

Vyakula vya viwandani vina njia ndefu zaidi, kwa kuwa kabla ya kufika kwenye pakiti hupitia mabomba, glavu na mikanda ambayo huenda ina thaleti, kemikali za kulainisha plastiki zinazoweza kuvuruga homoni. Makopo nayo kwa miaka mingi yamepakwa ndani utando wenye bisfenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki, ambayo Umoja wa Ulaya uliamua mwishoni mwa 2024 kuipiga marufuku katika vifungashio vya chakula.

Mimi hubeba hotipoti yangu ya chuma, na muuzaji, baada ya kunicheka kidogo, huniongezea upawa mmoja.