Jengo Kuu la Makerere na ile picha ya mjomba

Sebuleni kwa mjomba wangu kuna picha moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, fremu yake imeliwa na mchwa kwenye kona. Kijana mwembamba kavaa joho linalompwaya, kasimama kwenye nyasi, nyuma yake jengo jeupe lenye matao na mnara wa saa katikati. Kijana ndo mjomba mwenyewe na jengo ndo lile Jengo Kuu la Makerere, Kampala, wengine wanaliita Ivory Tower. Ukisogea karibu kabisa unaona hadi mishale ya saa, saa nne na dakika kumi.

Alisomea udaktari pale miaka ya 60, enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chuo kimoja nchi tatu: ukitaka sheria unaenda Dar, uinjinia Nairobi, udaktari Makerere. Ilianza 1963 ikavunjwa 1970 kila nchi ikabaki na chuo chake. Mimi hii kitu inaniuma mpaka leo, yani kijana wa Tanga, wa Kisumu na wa Mbale walikua wanakaa bweni moja na hakuna aliyeonekana mgeni.

Jengo lenyewe lilikamilika 1941 katikati ya vita kuu ya pili, na kabla ya hapo Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi tu, vijana 14 wanajifunza useremala, ujenzi na umakenika. Nyerere alivyofika 1943 kusomea ualimu jengo lilikua na miaka miwili tu, kwahiyo alilikuta jipya jipya.

Nimeliangalia sana kwenye picha na nadhani siri yake ni utulivu. Halina mbwembwe. Mnara upo katikati, mabawa mawili huku na huku yanalingana, alafu matao yanakupa kivuli kabla hujafika mlangoni, na mbele kabisa uwanja wa nyasi, Freedom Square, wanapofanyia mahafali. Huo uwanja ndo unalipa jengo heshima, kwasababu unaliona lote kwa mara moja, hakuna kitu kimesimama mbele yake. Majengo mengi mazuri ya huku kwetu yamezibwa na mabango na vibanda mpaka huoni tena kama yalikua mazuri.

Sasa usiku wa kuamkia Jumapili, 20 Septemba 2020, likaungua. Moto ulionekana kwenye paa ukashuka chini kwenye ofisi za kumbukumbu na za fedha, na paa likaanguka ndani. Asubuhi nilimwonesha mjomba video kwenye simu, kuta zimesimama lakini madirisha yamekua meusi na ukitazama juu unaona mbingu. Akakaa kimya muda mrefu alafu akasema, "Mjomba, na makaratasi yetu je?" Sikua na jibu, mimi nilikua nawaza paa yeye anawaza majina ya watu waliopita pale.

Makamu mkuu wa chuo, Profesa Nawangwe, ambaye kwa taaluma ni msanifu majengo, aliahidi mapema kwamba litarudishwa kwenye sura yake ya kihistoria, na kwangu mimi huo ulikua uamuzi sahihi kabisa. Kulikua na njia rahisi bana, ungeweza kupandisha ghorofa la vioo pale na watu wangesema ni maendeleo. Lakini watu wa nchi ngapi wana picha ya mahafali yenye ule mnara nyuma? Ukiubadilisha umewafutia wote picha zao. Zaidi ya shilingi bilioni 20 za Uganda zimeenda pale na mimi naona zimeenda mahali pake.

Likafunguliwa tena Oktoba 2024. Nikampelekea mjomba video, macho yake siku hizi yamefifia kwahiyo akavaa miwani akaishika simu karibu na pua, akawa anahesabu matao kwa kidole, alafu akaninyooshea ile picha ya ukutani niishushe. Nikaifuta vumbi nikaiweka pembeni ya simu. Akaangalia huku, akaangalia huku, kisha akaniuliza, "Saa inatembea?"

Nikairudisha video mwanzo, tukaanza kuitafuta mishale.