Nilivyopanga geji ya plagi kwenye Corolla DX yangu hapa Dodoma

Nina Corolla DX ya 1982, injini ni ile 4K ya kabureta na pointi (zile swichi ndogo ndani ya distributa zinazokata umeme wa koili), cc 1290, na hizi gari ukizijali zinadumu sana. Iliyokuwa inanisumbua ni kumisi, yaani silinda inakosa kuwaka. Silensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, safi kabisa, ukizunguka mjini, Majengo, Area C, unaendesha hulalamiki, ila ukiishika barabara ya Iringa ukapita Mtera ukaanza kuupanda Nyang'oro na abiria ndani, hapo ndipo vituko vinaanza, unakanyaga mafuta inavuta halafu inakata, inavuta inakata, mpaka Fuso lenye mzigo linakupita unaliangalia.

Kila fundi alikuwa na lake. Huyu kabureta, yule koili, mwingine akataka kubadilisha pampu ya mafuta. Plagi hakuna aliyeziwaza kwa sababu zilikuwa mpya.

Nikaenda kwa fundi mmoja mzee kule Chang'ombe, wale waliokulia kwenye Peugeot 504 na Land Rover za petroli. Nikamwamkia, nikamweleza, akaniuliza kitu kimoja tu, "Hizo plagi mpya zilipimwa geji, mwanangu?" Yaani ile nafasi ya cheche kwenye ncha. Nikamwambia mzee, dukani wamesema zinatoka kiwandani tayari. Akasema, "Tayari kwa injini ipi?"

Tukachomoa moja. Ni NGK, na mwisho wa namba yake kuna kistari halafu 11. Ile 11 inamaanisha plagi imetoka na nafasi ya milimita 1.1, na ni sawa kabisa kwa injini iliyotengenezewa nafasi hiyo, sasa 4K inataka 0.8. Plagi ni nzima, uzi unaingia, urefu sawa, gari inawaka, lakini nafasi ya cheche si yake.

Kwa nini inasumbua mlimani tu na si mjini, hili nalipenda sana kulieleza. Cheche inatakiwa iruke kutoka ncha ya katikati kwenda kwenye kile kiulimi cha pembeni, na nafasi ikiwa kubwa koili inabidi itoe volti nyingi zaidi ndio iruke. Halafu hewa na mafuta yakibanwa sana ndani ya silinda kuruka kunazidi kuwa kugumu. Kwenye silensa silinda inavuta hewa kidogo, presha ndogo, cheche inapita bila shida. Ukikanyaga mafuta mlimani silinda zinajaa, presha inapanda, koili ya zamani ya pointi haina nguvu kama mifumo ya elektroniki iliyokuja baadaye, basi inashindwa, na mafuta ya mzunguko huo yanatoka kwenye ekzosi bila kuungua. Kumbe na wese nilikuwa nalimwaga hivyo hivyo.

Ila usije ukasema basi nabana mpaka 0.5 nimalize kazi. Nafasi ikiwa ndogo sana cheche inaruka kirahisi ila ni kicheche, silensa inaanza kutetemeka na masizi kidogo tu yanaziba.

Kazi nikaifanya mwenyewe asubuhi injini ikiwa ya baridi, na hilo la baridi zingatia kwa sababu hedi ya 4K ni ya alumini, ukifungua plagi ikiwa ya moto unaweza kuondoka na uzi. Kabla ya kufungua nilipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli kuzunguka kila plagi. Dodoma na upepo wetu wa mwezi wa saba na wa nane mnaujua, mchanga umejaa pale, ukizungusha soketi tu unadondokea kwenye silinda. Waya nilizipa alama ili zisichanganyike, mpangilio wake wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Kupima nilitumia geji ya waya, ile yenye vijiti vya duara vya unene tofauti. Fila geji bapa inafaa kwa plagi mpya, ila kwa iliyotumika siiamini, ncha ikishaliwa inafanya kishimo, ile bapa inalala juu ya kishimo na kukupa namba ndogo kuliko ukweli. Na ile ya duara kama sarafu watu wanaitumia vibaya, wanaisukuma kwa nguvu pembeni ya ncha ya katikati mpaka kaure, ile sehemu nyeupe ya plagi, inapasuka ndani, na ufa huo huuoni kwa macho.

Unachokunja ni kiulimi cha pembeni peke yake. Kupunguza nafasi nilikigonga taratibu kwenye mpini wa nyundo, mguso mmoja, napima, mguso mwingine, napima. Ikizidi kubana unakifungua kwa ile ndoana ya geji. Waya wa 0.8 uteleze ukigusa juu na chini, wa 0.9 ugome kabisa. Na kiulimi kikae sambamba na ncha, kisiinamie upande. Haya yote ni kwa plagi za kawaida, za iridiamu ncha yake ni nyembamba mno, usizichokonoe.

Kurudisha nilianza kwa vidole mpaka zikakaa, kisha soketi kidogo tu, kama moja ya kumi na mbili ya mzunguko, kwa sababu washa (ile pete ya chuma ya plagi) zilikuwa zimeshakandamizwa zilipofungwa mara ya kwanza. Washa mpya kabisa ndiyo inataka nusu mzunguko.

Siku hiyo hiyo nikacheki na nafasi ya pointi za distributa, milimita 0.45, zilikuwa sawa sikuzigusa.

Safari iliyofuata Nyang'oro niliipanda gia ya tatu ikivuta moja kwa moja, kile kukata kata hakipo, na nikizichomoa sasa ncha zina rangi ya kahawia iliyopauka isipokuwa ya silinda ya tatu ambayo bado ina weusi mkavu kidogo, naifuatilia. Plagi za aina hii kawaida nabadilisha kilomita 20,000, na katikati nazipima tena kila nikimwaga oili kwa sababu ncha zinaliwa na nafasi inajiongeza yenyewe. Kama yako ni 504 au Land Rover usichukue 0.8 yangu, fungua kitabu cha gari yako au angalia stika chini ya boneti kama bado inasomeka, uanzie hapo.